Foamu ya kupuliza kwenye paa: jinsi ya kuamua kabla hujasaini (kwa wenye nyumba Uingereza)

Kama una nyumba Uingereza, hasa hizi za zamani zilizobanana za Leicester, Birmingham au Reading, ipo siku utapigiwa simu au mtu atagonga mlango akwambie joto lako lote linatokea juu, bili ya gesi inapanda kwa sababu ya paa, na yeye dawa anayo, anakuja asubuhi na gari lenye mapipa mawili na mpira mrefu, kesho yake mnalala kwenye joto. Kwenye hilo la joto hajadanganya sana. Nyumba isiyo na insulesheni (vitu vya kuzuia joto lisitoke) kabisa inapoteza kama robo ya joto lake kupitia paa, na hii foamu ikipulizwa vizuri inazuia joto kweli na upepo nao inauziba. Ila swali la kuanza nalo sio joto. Swali ni hili: ikishaganda pale juu, nani ataweza kuziona tena mbao za paa lako, na benki itasemaje siku unataka kuuza au kukopa? Ukianza na hilo, mengine yote yanakuwa mepesi, ndo maana nafuata mpangilio huu na sio wa muuzaji.

Kwanza kitu chenyewe. Ni kemikali mbili, moja aisosayaneti na nyingine rezini, kila moja kwenye pipa lake, zinakutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia, zinaumuka palepale na kuganda. Ziko aina mbili na lazima ujue unauziwa ipi. Kuna ya seli wazi, laini, ukiibonyeza kwa kidole inabonyea, na mvuke unapita ndani yake. Alafu kuna ya seli zilizofungwa, ngumu, mvuke haupiti kirahisi, inazuia joto zaidi kwa unene uleule lakini inang'ang'ania mbao na vigae kiasi kwamba kuitoa ni kuikwangua kwa mkono, na mara nyingine kigae kinatoka nayo. Muuzaji akikujibu "zote sawa tu", hapo hapo mshukuru kwa muda wake mwonyeshe mlango.

Na usipuuze habari ya hewa siku ya kazi. Aisosayaneti ni mbaya kwa mapafu, fundi mwenyewe anavaa ovaroli na barakoa yenye hewa safi ya kwake, kwahiyo familia mnatoka nje mpaka kampuni itoe muda wa kurudi kwa maandishi, na nyumba inapitishwa hewa. Kama kuna mtoto au mzee mwenye pumu mimi ningesita hapo tu, hata bila sababu nyingine.

Unyevu, hapa ndo penye kesi

Dari nyingi za Uingereza, yaani ile nafasi kati ya vyumba na paa, zimejengwa ziwe baridi, na hiyo ni makusudi. Upepo unaingia upenuni upande mmoja, unapita darini, unatokea upande wa pili au kwenye mgongo wa paa. Kazi yake ni kuondoa mvuke. Na mvuke sisi tunao jamani, tunachemsha maharage masaa mawili madirisha yamefungwa, watu watano wanaoga asubuhi mmoja baada ya mwingine, nguo zinaanikwa kwenye radieta kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Ule mvuke wote unapanda, unapenya kwenye kifuniko cha dari, kwenye matundu ya taa, kwenye nyufa, unafika juu. Siku zote ukifika unakutana na upepo, unaondoka nao.

Sasa foamu ikipulizwa katikati ya mbao za paa mpaka upenuni, zile njia za upepo zimezibwa. Mvuke bado unapanda, maana wewe hujaacha kupika, ila hauna pa kwenda. Kama ni foamu laini unapenya mpaka nyuma yake, unakuta kule kuna baridi kali ya nje, unageuka maji, na maji yanakaa kwenye mbao. Kama ni foamu ngumu haupiti kirahisi katikati, ila unatafuta pale foamu ilipoachia kidogo kwenye ubavu wa mbao, na mbao zinaachia kweli maana zinatanuka na kusinyaa kila msimu. Mbao ikikaa muda mrefu na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, ukungu wa kuozesha unaanza kazi. Paa linaoza huku wewe ukiangalia juu unaona foamu safi kabisa.

Sisemi kila paa lenye foamu linaoza. Yako yaliyokaa miaka na yako sawa, hasa kama chini ya vigae kuna karatasi ya kisasa inayopumua, foamu iliachiwa nafasi ya hewa nyuma yake, na nyumba ina feni za jikoni na bafuni zinazofanya kazi. Shida ni kwamba huwezi kujua lako liko kundi gani bila kubandua, na savea (mkaguzi wa nyumba) wa benki naye hawezi.

Panda mwenyewe uangalie

Kabla ya kumruhusu mtu yeyote, chukua tochi panda darini, kanyaga mbao tu usije ukatumbukia sebuleni. Mulika juu, nyuma ya mbao za paa, uone kuna nini chini ya vigae. Ukiona karatasi nyeusi nzito ya lami, mara nyingi imechanikachanika au imelegea, hiyo ni ya zamani, haipumui, na foamu juu yake ndo mahali matatizo yanapozaliwa. Ukiona kitambaa chepesi, cha kijivu au bluu au rangi nyingine, kimechapwa jina la kampuni, hiyo kawaida ni ya kisasa inayopumua. Na ukiona vigae vyenyewe au mawe ya sleti bila kitu chochote katikati, mwanga unachungulia, basi mjadala umeisha, maana foamu itashika vigae moja kwa moja, na siku kimoja kikivunjika hakibadilishwi bila kung'oa na jirani zake.

Alafu angalia madoa ya maji, misumari yenye kutu, ukungu mweusi kwenye mbao, harufu. Paa linalovuja halitibiwi kwa foamu. Nasema hivi kwa sababu kuna wauzaji wanakwambia vigae vyako vinateleza, misumari imechoka, foamu itavigandisha vyote pamoja hutahitaji kuezeka upya. Mtu anayesema hivyo anakuuzia gundi kwa bei ya paa. Foamu ikifunika mvujo, maji yanasafiri nyuma yake yanatokea mita tatu kutoka tundu lilipo, na fundi atakayekuja kutafuta atakulipisha masaa ya kutafuta.

Angalia na nyaya za umeme, zikifunikwa na foamu haziachii joto vizuri na hakuna fundi wa umeme atakayekushukuru. Na angalia popo. Sio utani, popo Uingereza wanalindwa na sheria tangu 1981, kuwasumbua au kuziba wanapolala ni kosa la jinai, na ukikuta vinyesi vidogo vikavu vinavyosagika ukivishika (vya panya havisagiki) simamisha kila kitu uulize kwanza. Nyumba iliyoorodheshwa kama ya kihistoria nayo inahitaji ruhusa ya halmashauri, usimsikilize anayesema "ndani sio lazima".

Benki

Hapa watu wengi ndo wanalia. Mwaka 2024 BBC ilichunguza ikakuta robo ya watoaji wakubwa wa mogeji (mkopo wa nyumba) nchini hawakopeshi nyumba yenye foamu kwenye paa. Wengine hawakatai moja kwa moja, wanamwachia savea. Na savea anafika, anapanda, anakuta mbao zimefunikwa, anaandika kwamba hakuweza kukagua muundo wa paa. Hawezi kuandika vingine, ndo ukweli wake. Benki ikisoma hivyo inasimamisha mkopo mpaka foamu itolewe, au nyumba inapewa thamani sifuri kwa ajili ya mkopo, ingawa wewe unaishi humo kila siku na hakuna kilichoanguka. Mnunuzi wako ana mogeji, kwahiyo tatizo la benki yake ni tatizo lako. Hata anayenunua kwa mpango usio na riba bado anatumiwa savea, hakuna njia ya kupita pembeni.

Wanaoumia zaidi ni wazee. Kuna ile mikopo ya kuanzia miaka 55, unakopa juu ya nyumba yako huku unaendelea kuishi humo, inalipwa nyumba ikiuzwa ukishafariki au ukihamia nyumba ya wazee. Watoaji wa mikopo hiyo ndo wagumu kabisa kwenye foamu. Na wauzaji wanawalenga haohao wazee, kwa sababu wapo nyumbani mchana na nyumba zao wameshamaliza kulipa. Kama una mama au shangazi anayeishi peke yake, mwambie mapema asikubali ukaguzi wa bure wa dari kutoka kwa mtu aliyepiga simu, na akiona kifaa cha kupima unyevu kinalia mbele yake asiogope, mbao yoyote ya dari baridi inaweza kusoma juu kidogo asubuhi ya Januari.

Usije ukatulizwa na maneno "hii serikali ilikuwa inalipia". Ni kweli, chini ya Green Homes Grant iliyoanza Septemba 2020 ikafungwa mwisho wa Machi 2021, kulikuwa na vocha za hadi pauni 5,000, na hadi 10,000 kwa wenye kipato kidogo, na baadhi ya nyumba zilipulizwa foamu kwa hela hiyo. Benki hazikujali vocha. Na kodi ya VAT ya sifuri kwa kazi za insulesheni, ambayo inaendelea mpaka mwisho wa Machi 2027, inahusu insulesheni kwa ujumla, haina maana serikali imeidhinisha paa lako.

Kwahiyo fanya hivi: kabla ya kusaini piga simu benki inayokudai, uliza kwa maneno haya, "nikipuliza foamu upande wa chini wa paa, mogeji yangu na nyongeza yoyote ya baadaye itaathirika vipi", omba wajibu kwa barua pepe. Alafu piga bima ya nyumba uliza hivyohivyo. Ukikuta wote wawili wanajibu kwa kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Hesabu ambayo muuzaji haifanyi

Mbao za paa kwenye nyumba nyingi za zamani zina kina cha milimita 75 mpaka 100. Foamu laini ya milimita 100 haifiki hata nusu ya uzuiaji wa joto wa yale mablanketi ya roli, ya nyuzi za kioo au za mawe, yakilazwa kwenye sakafu ya dari kwa milimita 270, ambayo ndo kipimo kinachopendekezwa Uingereza. Hata ile ngumu kwa unene huo haifikii. Na ukipuliza juu kwenye mteremko wa paa umeigeuza dari kuwa sehemu ya nyumba, unapasha joto chumba kisichoishi mtu, chenye masanduku ya sikukuu na begi la safari la mwaka juzi.

Mablanketi yanalazwa hivi. Safu ya kwanza milimita 100 katikati ya mbao za chini za dari, safu ya pili milimita 170 inapita juu kwa kukatisha, zifunike zile mbao. Usisukume mpaka upenuni, acha upepo upite, hiyo ndo sehemu mafundi wa haraka wanaharibu. Kabla ya kulaza ziba matundu ya mabomba na nyaya kwa silikoni, weka mpira wa kuzuia upepo kwenye kifuniko cha dari, funga mabomba ya maji na tangi maana dari itakuwa baridi zaidi kuliko mwanzo na maji yanaweza kuganda, ila chini ya tangi usiweke kitu, joto la nyumba lilifikie. Taa za kuzama zisifunikwe bila vifuniko vyake maalum. Vaa glavu na barakoa, nyuzi zinawasha vibaya. Kazi ya wikendi moja kwa watu wawili wenye subira, na ukitaka kuendelea kuhifadhi vitu kuna vimiguu vya plastiki vya kuinua mbao za kukanyagia juu ya blanketi, usiyakandamize maana yakibanwa hayafanyi kazi.

Kwa bei nayo mablanketi yako chini mno kuliko foamu, na ukijuta unayakunja tu unayatoa.

Ambapo huna njia ya kulaza chini ni pale dari imekuwa chumba, watoto wanalala humo, mteremko wa paa ndo ukuta wao. Hapo foamu inavutia kweli. Lakini hata hapo kuna bodi ngumu za insulesheni, zinakatwa kuingia katikati ya mbao huku ukiacha milimita 50 za hewa nyuma kama karatasi ni ile ya lami, alafu bodi nyingine inapita chini yake, alafu jipsamu. Chumba kinapungua kimo kidogo. Ni kazi ya polepole na fundi atalalamika, ila savea akija anaweza kufungua kipande aone mbao.

Ndugu wa Marekani watakubishia

Utatumiwa video za Texas au Florida, jamaa anapuliza dari nzima na anaipenda. Wako sahihi kwao. Kule kwenye joto na unyevu wa nje, mabomba ya eyakandishani mara nyingi yanapita darini, na kuifunga dari kwa foamu kunafanya yale mabomba yawe ndani ya sehemu yenye ubaridi badala ya kwenye tanuri. Kanuni zao za ujenzi zina kifungu cha dari isiyo na matundu ya hewa, na wanataka vyombo vya gesi vilivyomo darini viwe vinavuta hewa kutoka nje. Paa lao na mvuke wao ni tofauti na hii sleti ya mwaka 1900 ya Coventry. Usichukue ushauri wa Houston ukaupeleka hapa.

Kama bado unaitaka

Iko hali moja naikubali: unaezeka paa lote upya au unajenga, msanifu ameichora foamu tangu mwanzo, kuna karatasi inayopumua, kuna hesabu ya unyevu iliyofanywa kwa BS 5250, kile kiwango cha Uingereza cha unyevu kwenye majengo, na kuna mfumo wa kuingiza na kutoa hewa nyumbani. Zaidi ya hapo mimi jibu langu ni hapana, lakini nyumba ni yako.

Ukiendelea, kusanya makaratasi kabla bunduki haijawashwa: ripoti ya savea huru (sio wa kampuni, uliza kama ni mwanachama wa RICS, chama cha masavea, chama hicho kilitoa mwongozo wa foamu kwa wenye nyumba 2023), vipimo vya unyevu wa kila upande wa paa, picha za mbao zote, ile hesabu ya unyevu iliyofanyiwa nyumba yako sio ya mfano, cheti cha bidhaa cha BBA au Kiwa (mashirika yanayopima bidhaa za ujenzi) ukisome mpaka mwisho uone kinaruhusu aina yako ya paa, barua kwamba fundi ameidhinishwa na kiwanda, uthibitisho wa ofisi ya ujenzi ya halmashauri, na dhamana yenye bima nyuma yake. Dhamana ya miaka 25 kutoka kampuni iliyofunguliwa juzi ni karatasi. Ingia Companies House, sajili ya makampuni mtandaoni, ni bure, angalia ilianzishwa lini na wakurugenzi wake walishafunga kampuni ngapi.

Lipa kwa kadi ya mkopo, hata kama ni sehemu tu ya hela. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya 1974 kinaifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na kampuni kama bei ni zaidi ya pauni 100 na haizidi 30,000. Kampuni ikitaka keshi tu, umeshaelewa.

Kama nyumba unayotaka kununua tayari ina foamu, usikimbie na usilipie savea bado. Mwambie dalali alete hayo makaratasi, mpe mshauri wako wa mogeji aulize benki, na kama hamna makaratasi bei ishuke kwa gharama ya kuitoa pamoja na mbao zitakazokutwa zimeharibika, hayo ni maelfu ya pauni. Na kama nyumba yako mwenyewe ndo ina foamu na huuzi leo, usiwe na haraka ya kuitoa, maana siku hizi kuna kampuni za kutoa foamu zinazopiga simu kwa vitisho vilevile vya zile zilizoiweka, na baadhi ni watu walewale. Lipia ukaguzi huru kwanza, tangu 2023 masavea wana utaratibu maalum wa kukagua paa lenye foamu, ndo uamue.

Na kama umeshasaini mezani kwako jana na roho inasita, sheria inakupa siku 14 za kughairi mkataba uliosainiwa nyumbani. Angalia kama walikusainisha kile kikaratasi cha "naomba kazi ianze mara moja", maana ukikubali kazi ianze ndani ya hizo siku unaweza kudaiwa kilichofanyika, na kazi ikiisha yote haki ya kughairi imekwenda nayo. Tuma barua pepe leo, weka tarehe, tunza nakala, na asipande mtu darini mpaka wakujibu.